Somo la Kulala Chali

Wewe mwalimu wa kwenye simu, huna adabu. Nani kakwambia uwalaze watu wazima chali, uwaambie walegeze taya, waachie miguu, wafumbe macho, halafu unyamaze? Unanyamaza unakwenda wapi? Mtu ukimlaza hivyo unakaa naye. Humwachi peke yake na kinanda kikilia.

Leo Jumatano. Mawingu tangu alfajiri, joto limetufunika kama sufuria, mvua haidondoki. Tangu uji wa asubuhi sijatia kitu mdomoni.

Ukurasa huu alinifungulia mjukuu wangu Rehema, niandike mambo ya kukanda wazazi na vichanga, maana anasema nikifa nitaondoka nayo. Darasa la nne niliishia katikati, lakini herufi nazijua zote na simu naijua. Asiyependa ninavyoandika akasome kwingine. Na leo siandiki habari ya wazazi.

Huyo Rehema ndiye aliyeyaleta masomo humu ndani. Anajifunza kukanda watu, wenyewe wanaita masaji, apate kazi kwenye saluni za wenye nazo. Anajifunza kwa video, na kwa kitabu cha picha kina mtu kachunwa ngozi, minofu yote nje, utadhani yuko buchani. Nilimcheka. Nikamwambia mkono haufundishwi na kioo cha simu.

Kisha nikawa natazama kwa pembe ya jicho. Nitasema kweli: yule mwalimu kuna kitu anakijua. Anasema usikande kwa nguvu za kidole gumba, utakiua. Egemea, uzito wako ndio ufanye kazi. Anasema sikiliza pumzi ya unayemkanda, mkono ushuke yeye anapoitoa. Nikajaribu kwa mama mmoja aliyejifungua nyumba ya tatu. Alisinzia kabla sijafika magotini. Sikumwambia Rehema, angevimba kichwa.

Video nyingine si za kukanda, ni za kujinyoosha polepole, za wazee na wenye migongo mibovu. Hizo ndizo zilizompata Tatu.

Tatu ni mke mwenzangu. Bwana wetu alikuwa kuli bandarini, akafa, sie tukabaki kwenye nyumba moja hapa Temeke. Yeye chumba cha mbele, mie cha uani, chungu kimoja, na kusutana juu ya hicho chungu. Watu walisubiri tugombanie nyumba mpaka wakachoka kusubiri.

Basi kila asubuhi Tatu anatandika mkeka uani, simu yangu inasimamishwa juu ya ndoo, anainua mikono, anageuza shingo, anajipinda kama paka mzee. Mie nakaa kwenye kigoda namkosoa.

"Shusha bega, umebeba gunia?"

"Nawe funga mdomo, Bi Mkubwa, nzi wataingia."

Na mgongo wake ukapona. Sikatai. Alikuwa hawezi kuinama kufagia, sasa anainama na kuimba juu yake. Lakini mwisho wa kila somo kuna kule kulala.

Mie mkandaji, na pia mie mwosha maiti. Wanawake wengi wa mtaa huu nimewashika wakizaa, na wengine nikawashika tena wakiondoka. Mkono ni uleule, njia si moja. Aliye hai naanzia unyayoni, napanda, narudisha damu juu. Maiti naanza upande wa kulia, nashuka. Sijawahi kuchanganya. Na karafuu maiti haivuki kizingiti changu, inabaki hukohuko kwenye kabati la msikiti.

Siku za mwanzo simu ikisema amka, Tatu anaamka. Baadaye akawa anachelewa. Simu inasema geukia ubavu, yeye kimya. Namwita, anarudi anatabasamu, kama mtu aliyetoka kwenye harusi ambayo mie sikualikwa. Juzi nikamuuliza, we mwanamke, unakwendaga wapi? Akasema, "Pazuri. Huu mgongo haunifuati."

Nikamwambia ana wazimu.

Leo Rehema alitoka mapema. Tukabaki sie wawili. Tatu akafanya yake, akalala. Jirani yetu hupiga singeli tangu asubuhi mpaka bati linacheza, na palepale ikakatika. Umeme, nikajiambia. Simu ikasema achia uzito wote uende ardhini. Ikanyamaza.

Nikamtazama. Miguu imeangukia nje. Kidevu kimeshuka, mdomo umefunguka kidogo. Nikaona mkeka hauko kama siku zote. Siku zote miguu yake huwa mlangoni kwa jikoni. Leo mkeka umekaa kibla, umenyooka kama uliopimwa kwa kamba.

Simu ikasema amka taratibu. Tatu hakuamka.

Sikumwita.

Hapo ndipo panaponitafuna. Sijui kwa nini sikumwita. Nilichojua baadaye ni kwamba nipo magotini. Vidole gumba vya miguu yake nimevikutanisha, nimevifunga kwa kitambaa kilichochanwa pindoni mwa kanga yangu mwenyewe, na sikumbuki kuichana. Mtandio wake umepita chini ya kidevu na kufungwa utosini, fundo langu, hakuna mwingine mtaani anayefunga vile. Mkono wake wa kulia umenyooshwa ubavuni. Kiganja changu kinapita begani kwake, kinashuka, kinarudi, kinashuka, kama cha mtu anayemimina maji. Na midomo yangu inasoma.

"Bado wa kushoto," Tatu akasema.

Aliyasema kwa meno yaliyobanwa na mtandio, macho kafumba.

Nilikaa kitako chini kwenye sementi. Akafumbua macho, akapapasa fundo, akacheka mpaka akakohoa. "Weee, Bi Mkubwa! Ulivyo na haraka! Hata chai hujaninywesha!" Nikacheka naye. Nikasema nilikuwa namtania. Nikafungua vidole vyake.

Utani gani huo, na kanga yangu nimeichana?

Tukanywa uji uliobaki jana. Katikati ya uji akasema, kama anayesema habari ya bei ya dagaa, kwamba maji yangu yalikuwa ya vuguvugu vizuri, ila karafuu maiti nimezidisha, imempanda puani.

Bomba letu halijatoa tone tangu juzi. Ndoo zote tupu, hata ile iliyobeba simu. Niliondoka nikaenda kushika mkeka. Umelowa, pale tu lilipokuwa bega la kulia. Nikajiambia jasho, na joto hili. Nikanusa mikono yangu: vitunguu vya jana. Nikanusa tena.

Adhuhuri nikamwambia alale nimkande. Sikuwa na nia ya kumkanda yeye, nilitaka kuurudisha mkono wangu kwenye njia yake. Nikapasha mafuta ya nazi, nikashika unyayo.

Baridi. Mie natoka jasho mpaka kwenye kope, na unyayo wa Tatu ni baridi kama wa mtu aliyesimama kwenye maji. Nikaanza kupanda. Mkono haupandi. Naupandisha, unahama, unakwenda kulia, unashuka. Nikaurudisha chini, nikaanza upya kwa bismillahi, unahama. Mkono wangu mwenyewe, niliolea nao watoto na kuswagia kuku, leo haunisikii.

Ndipo nikafanya ya yule mwalimu. Nikaacha kukanda, nikasikiliza pumzi. Ilikuwa fupi, inaishia kifuani juu, haifiki chini. Nikatazama vifundo vya miguu: vimevimba. Nikabonyeza, shimo likabaki, kama unabonyeza donge la maandazi. Mshipa unapiga, unasita, halafu unapiga mara mbili kwa pupa, kama mtu aliyechelewa.

Miezi yote hii nilikuwa nakosoa bega.

Rehema atasema mikono yangu iliona maradhi kabla ya macho. Labda. Mkono wa mkandaji una akili yake. Lakini mkono ukiona maradhi unakanda, haufungi taya. Na ukiona maradhi hauwezi kumwagia mtu maji ambayo hayapo. Ninachojua ni hiki: kazi ile nikishaianza siiachi katikati. Sijawahi kuiacha. Na mkono wa kushoto bado.

Nikamwambia Tatu tunakwenda hospitali leo hii. Akanitazama kama nimemtukana. "Kwa kulala? Niache bwana. Kule siumwi." Kisha akasema lililonikata maini: nikimaliza swala ya alasiri nimpe simu, anataka somo la pili.

Hajawahi kutaka somo la pili.

Simu yenyewe ndiyo hii ninayoandikia. Ndiyo maana naandika, kama hamjajua. Nikiiweka chini ataichukua.

Tuna ahadi, mie na yeye. Tuliiweka wiki ile ile tulipomzika bwana wetu: atakayebaki amwoshe mwenziwe, asiguswe na mgeni. Siku zote nilikuwa namwambia nitabaki mie, mie mifupa yangu ya zamani, wewe umekula mkate wa dukani. Nilikuwa naringa. Nilikuwa nataka kumshinda hata hapo. Leo naiona ahadi ile inanijia mapema, na sitaki ushindi wake. Nani atanisuta asubuhi? Nani atakula ukoko wangu na kusema umeungua?

Nyie mnaojifunza kwa video, sikilizeni, sirudii. Jinyoosheni, kandaneni, mwalimu anajua yake. Lakini mzee akivimba miguu na pumzi ikawa fupi, asiguswe mguu wala asilazwe chali kwa raha. Apelekwe akapimwe. Na hakuna mtu kulala lile somo la mwisho peke yake. Akae mtu pembeni, mtu wa kumwita kwa jina. Asiwe kama mie, niliyekaa pembeni nikanyamaza.

Sasa alasiri imepita. Nimempigia Rehema, nimemwambia aje na bajaji na asiniulize maswali. Tatu kajilaza kitandani kwake. Nilimwambia alale ubavu, kaegemea mito. Nikatoka kufunga mlango wa uani, nikarudi, nikamkuta chali. Mito iko chini. Hakuna video, hakuna sauti, na miguu imeangukia nje vilevile. Namwita, anasema "mmh," na kila "mmh" inatoka mbali zaidi ya ile iliyopita.

Nimekaa karibu na miguu yake. Kidole kimoja kinaandika. Mkono mwingine nimeukalia, na unafurukuta chini ya paja langu kama kifaranga.

Harufu ya karafuu maiti imekuja. Hata mie sasa naisikia.

Bajaji imepiga honi. Rehema, ingia, usivue viatu, na usimuulize bibi yako Tatu kama anataka. Wewe shika kwapani, mwinue akae, mwite kwa jina lake njia nzima, mtukane ikibidi, asifumbe macho mpaka daktari amshike. Mie nakaa mbele na dereva. Usiniache nimshike.

Tatu! Kaa kitako. Fumbua macho, vaa baibui. Twende.