Ardhi Uliyosema Irudishwe

Baba,

Gari limewaka. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu najua usingenisikiliza neno jingine kabla yake. Liliwaka juzi saa nne asubuhi, taa zote sawasawa, na nikikanyaga breki indiketa hazikonyezi tena. Sikufurahi. Nilikaa mchangani nikalia kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ni yako.

Tangu ulipotutoka halikuwaka hata siku moja. Ufunguo ukizungushwa, tak, basi. Nilibadilisha betri. Nilifungua stata, nikaisafisha, nikaifunga tena, tak. Nilikutukana, unisamehe. Nilisema, huyu mzee ametuachia sanduku la faiba lenye magurudumu. Mzungu alilileta vipande vipande, akashindwa kuliunga, akalitupa nyuma ya hoteli kule Diani, nawe ukaliokota. Miaka miwili uliliunga chini ya kibanda cha makuti huku Mama akikuuliza jiko litaezekwa lini. Watu wa Ukunda walikuuliza hilo ni gari au ni ngalawa. Lakini ile Jumapili ya kwanza tulipokwenda Msambweni bila paa, leso ya Mama ikaruka ikamfunika uso askari wa barabarani, ulicheka mpaka ukashindwa kushika usukani. Mama pia alicheka. Siku hizi hacheki.

Juzi niling'oa kiti cha dereva. Chini yake nilikuta kitambaa, na ndani yake ule waya mnene wa kutoka kwenye giaboksi kwenda kwenye chesisi. Ulikuwa umeusugua kutu ya chumvi, ukautia vichwa vipya, ukaupaka grisi. Uliufungua asubuhi ile ile ulipoanguka. Ulikuwa umebaki kurudishwa tu. Nikaurudisha, gari likawaka.

Mafundi wote wa Ukunda huuita waya huo athi, yaani "earth" ya Kiingereza. Wewe ulikataa katakata. "Mimi mtu wa pwani, Kiswahili ni changu, nitasemaje athi? Hiyo ni ardhi." Ulinieleza mara mia kwamba bodi ya faiba haipitishi umeme kama bati, kwa hiyo kila taa lazima irudishiwe ardhi yake kwenye chesisi. Kurudisha ardhi. Mimi ndiye uliyenishikisha spana tangu utotoni, Baba, na neno hilo nimelisikia kuliko jina langu.

Kule wodini ulimi wako ulikuwa umeshakuwa mzito. Wengine walisikia mkoromo tu. Mimi nilikuzoea, nikawaambia, "Anasema turudishe ardhi." Ami Hamisi, ndugu yako, akashika kichwa. Unajua alimfikiria nani. Mzee Mutua, jirani yetu wa Kombani aliyetoka bara, ambaye siku zote alidai kwamba ulisogeza mpaka wa mashamba yenu ukamega lake. Ulikana mpaka ukazeeka. Sasa ikaonekana umeogopa kwenda na dhuluma kaburini. Hata arobaini haijafika, mpaka huo ukasogezwa. Mikorosho ya Mama sasa iko kwa Mutua, na Mama huitazama tu kutoka mlangoni. Na sokoni wanasema fundi alikuwa mwizi wa ardhi, lakini angalau alitubu. Hiyo "angalau" inanikereketa mno.

Jana niliufungua tena ule waya, nikampelekea Ami, nikamweleza polepole. Aliugeuzageuza, akanirudishia mkononi. Akasema, "Mishi mwanangu, wasia wa maiti hautenguliwi kwa waya." Akaenda zake kuswali alasiri. Nilimchukia njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilipofika mlangoni nikaona sina haki ya kumchukia.

Ami alipouliza siku ile, "Ardhi gani?", hukumtazama yeye, Baba. Ulinitazama mimi. Ukainua mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado na uhai, ukauzungusha kidogo kama mtu anayekaza nati. Niliuona. Nikaushika nikaulaza kitandani, nikamjibu Ami mimi mwenyewe: "Ile ya Mzee Mutua." Wewe hukumtaja kamwe. Nilimtaja mimi, kwa sababu miaka yote uliyokana, mimi mwanao sikukuamini. Nilikula chakula chako, nikajifunza kazi yako, na moyoni nilikuona mwizi.

Kwa nini hukusema waya? Neno dogo tu, Baba. Hata athi ningeielewa.

Ijumaa hii watu wakitoka msikitini nitasimama pale Kombani, Ami akiwepo na Mutua akiwepo kama atakubali kuja. Nitawaambia kwamba jina lake lilitoka kinywani mwangu, si mwako. Wakisema nataka shamba, na waseme. Mama ataniangalia, na hilo ndilo ninaloliogopa.

Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Msamaha sikuombi leo. Nitakuja kuuomba nikishasema.

Mwanao,
Mishi