Mwanamke wa Kwenye Gemu ya Neema

Jumatatu, 4 Agosti

Kuvuna zabibu tangu alfajiri. Vidole vinanata mpaka sasa. Nyumbani wazima. Mama mkwe kifua kimepungua, mbuzi wote wapo, mwanangu Neema kapika ugali na mlenda. Kala matonge mawili, karudi kwenye simu. Akitoka shule ni gemu tu. Nimechungulia. Ana mwanamke wake humo, anamtembeza porini na mkuki. Katikati ya paji la uso ana duara jeusi. Moyo ukanilipuka.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemuuliza huyo ni nani. "Ni mimi, mama. Unachagua mwenyewe sura unayotaka." Kwani wewe una alama hiyo? Kaangalia chini. Humo wamejaa warembo wa nywele mpaka kiunoni, yeye kajichagulia mwenye muhuri. Nimeogopa, sikuuliza zaidi. Laiti ningeuliza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia Mama Elia, kiongozi wetu wa maombi. "Shoga yangu, hiyo ni alama ya yule mwovu. Kesho tunakuja."

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui naandikaje. Wamekuja wanne. Neema wamemkalisha mkekani, mikono kichwani kwake, wanakemea. Simu kwenye kigoda, nayo inakemewa. Mimi nakemea kuwashinda wote. Kwa jasho na kurukaruka, kilemba kikaniporomokea shingoni.

Neema akafumbua macho, akaninyooshea kidole. "Si hiyo hapo! Nimemwekea ya mama!"

Wote wakanitazama pajini.

Bibi alinichoma hilo duara nikiwa mdogo, macho yananiuma. Ndiyo ilikuwa dawa yetu Wagogo. Nilipohamia huku Makutupora wakanicheka, nikaanza kuifunika alama kwa kilemba. Miaka ishirini. Mpaka nikaisahau. Mpaka nikaita watu waje kuikemea kwa mwanangu.

Mama Elia akasema basi tufunge kwa sala. Sikuitikia hata amina.

Jumatatu, 11 Agosti

Neema haongei. Shikamoo, basi. Simu kaiweka juu ya kabati.

Nimemwomba msamaha huku nachambua mboga. Kumtazama sikuweza. Nikauliza, kwa nini hukujichagulia mrembo? Akasema, "Humo ukiwa mwoga unakufa mapema. Nikakumbuka ulivyomfukuza fisi zizini na mwiko."

Kweli nilimfukuza. Mwiko wenyewe una ugali. Ila wanawake wanne, wanamshika mwanangu kichwa, nimeshindwa kuwaambia neno. Najionea aibu. Hata kula sitaki.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani. Kilemba nimekifunga juu, paji wazi. Nimekifunga mara tatu. Mama Elia kaniona, kageukia dirishani.

Neema alikaa benchi la wasichana. Wimbo wa pili, kahamia kwangu. Bega lake liligusa langu mpaka mwisho wa ibada.

Jioni simu imeshuka kabatini. Nasikia anacheza.