Aliyemsuka Mama

Johannesburg, Jumapili, 14 Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Barua hii ikikufikia usihangaike kutafuta miwani, mpe Dada Aisia akusomee. Simu najua huipendi, unasema sauti yangu inakuja kama iko ndani ya debe. Goti linaendeleaje? Ukungu umeshashuka mpaka kwenye migomba, au mwaka huu umechelewa? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Huku nako ni baridi, lakini ni baridi kavu, haina harufu ya majani.

Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasikia.

Kabla Mama hajaugua uliniuliza kwenye simu, "Hao wasichana wamekosa mikono, mpaka wewe uende kuwachana?" Mama akacheka nyuma yako, nikamsikia. Siku ile sikukujibu vizuri, kwa hiyo nikujibu leo. Ni maonyesho ya mavazi, kwenye ukumbi mkubwa. Mbele wameketi watu, na wasichana warefu wanapita katikati yao wamevaa nguo ambazo hakuna mtu angethubutu kuzivaa kanisani Machame. Sisi tuko nyuma, upande ambao watu hawauoni. Kuna meza ndefu na vioo vyenye balbu pembeni, harufu ya nywele zilizopigwa pasi, na poda hewani kama unga pale mashineni. Msichana anakaa, mwenzangu anampaka uso, mimi nashika kichwa. Akiinuka hapo amekuwa mtu mwingine. Anatoka, anatembea kidogo, anarudi, tunafumua. Mama aliposikia alisema hiyo ni kama kufagia uwanja siku ya upepo.

Siku mliyomzika nilikuwa kwenye kazi hiyo. Najua limekuuma. Pasi yangu ya kusafiria ipo kwenye ofisi yao ya uhamiaji tangu Pasaka, nasubiri kibali kipya, na bila pasi sivuki mpaka wowote. Nilikwenda kuiomba, nikawaambia nimefiwa na mama, wakasema nisubiri kama wengine. Kukaa chumbani peke yangu nikashindwa. Nikaenda kazini.

Mkubwa wetu, mama mmoja anayeitwa Lerato, alitaka nywele zote zilazwe kwa jeli na kufungwa kisogoni. Nilipewa msichana wa Senegal, Awa, mwenye nywele nyingi na laini kama za Mama. Aisia alikuwa ameniandikia kwamba jeneza limeshafika nyumbani, mnamngoja mchungaji. Nikatia simu mfukoni, nikashika kitana, nikazigawa nywele. Nilichofikiri baada ya hapo sikijui, vidole vilikwenda vyenyewe. Nilipotazama kwenye kioo nilikuwa nimeshamsuka nusu ya kichwa, mtindo wa twende kilioni.

Unaikumbuka, ile mistari minyoofu ya kurudi nyuma, isiyo na pambo lolote. Kila palipotokea msiba jirani, Mama alitukalisha kwenye kigoda nje ya jiko, mimi kwanza kwa sababu nilikuwa mlizi, kisha Aisia. Alivuta mpaka macho yakapanda. "Tulia," alikuwa anasema, "hata marehemu hajalalamika kama wewe." Nawe ulikuwa pembeni ukikata majani ya ng'ombe, umejifanya husikii. Alisema mtu haendi msibani na nywele za kutazamwa.

Lerato akapita nyuma yangu, akasimama. "Hii ni nini?"

Nikamwambia kwetu ndivyo tunavyosuka tukienda kuzika, na mama yangu anazikwa saa hizi.

Akaniwekea mkono begani. "Pole sana, dada yangu," akasema. Kisha akasema, "Fumua."

Nikafumua, Baba. Simlaumu, watu walikuwa wameshaketi kule mbele na nguo zilikuwa zinangoja. Lakini nilifumua mistari ya Mama huku ninyi mkiweka udongo, na Awa akashika ncha ya aproni yangu, akaing'ang'ania mpaka nikamaliza. Alipotoka kwenda mbele, chini ya jeli bado ungeona nywele zimeshika mawimbi ya mistari ile.

Maonyesho yalipokwisha watu wakawa wanakunja nguo na kufunga masanduku. Awa akarudi ameshavaa jinzi zake, akakaa tena kwenye kiti changu. "Sasa suka," akasema. "Mpaka mwisho, na usinionee huruma." Nikasuka mpaka mwisho, nikavuta kama Mama. Akajitazama kwenye kioo akasema, "Umenifanya nifanane na shangazi yangu." Tukacheka, halafu mimi nikalia. Akatoka na mistari hiyo kwenye baridi bila kofia. Msiba wa Mama kwangu ulikuwa huo, mimi na yeye, na wafagiaji.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike.

Siku nilipokuwa naondoka nyumbani, nilimsuka Mama kwenye kigoda kilekile. Akaniambia, "Siku yangu ikifika unisuke wewe. Usiache nizikwe kama mtu aliyetoka kuamka." Nilimwambia aache maneno hayo. Kwenye picha mliyonitumia nilimwona amelala na kitambaa cheupe mpaka kwenye nyusi, na moyo ukaniambia kwamba chini yake hakuna aliyemgusa. Nilimuuliza Aisia, akazungumzia mambo mengine. Wiki iliyopita nilimbana, akaniambia.

Alisema wanawake wa kanisani walikuja na kitambaa pale mochwari, wakasema kitafunika. Wewe ukasema wangoje. Ukaomba kitana. Baba mdogo akakuambia, "Kaka, nywele za mwanamke si kazi yako," nawe ukamjibu, "Mwenye kazi yuko mbali." Ukamsuka mwenyewe. Aisia anasema mistari ilikuwa minene kama matuta ya viazi, na mmoja ulikata kona ukaelekea sikioni, na mle ndani hakuna aliyecheka.

Baba, sikujua kwamba ulikuwa unatazama. Miaka yote ile una panga mkononi, nilidhani unatazama majani.

Lakini yale maneno hayaniachi. Mwenye kazi yuko mbali. Aisia anasema hajui kama uliyasema kwa hasira au kwa kunitetea, na mimi siwezi kujua bila kuuona uso wako. Tangu mazishi hujashika simu. Huku isale haioti. Ingekuwapo ningekunja jani lake ndani ya barua hii, ulishike mkononi ujue naomba msamaha, na kwa desturi yetu usingeweza kunikatalia.

Aisia ameniambia pia kwamba siku ya kunyoa matanga wote walinyolewa isipokuwa wewe. Siku ile ulikuwa na homa, na sasa kila ukiambiwa unasema ni baridi. Kama kweli ni baridi, sawa, kaa na kofia yako mpaka jua litoke. Lakini kama si baridi, kama kuna mtu unayemngoja, basi ningoje. Watu wa uhamiaji wameniahidi pasi kabla kahawa haijaisha kuchumwa. Wembe tutanunua hapo dukani. Utakaa kwenye kigoda nje ya jiko, nami nitakunyoa polepole, na hata usiponiambia neno nitakuwa nimeshapata jibu.

Nisalimie Dada Aisia, aliyebeba msiba huu mgongoni kwake na wangu juu yake. Nisalimie Baba mdogo, mwambie sina neno naye. Wasalimie akina mama wa kanisani waliongoja na kitambaa chao mpaka ukamaliza.

Na asubuhi unapokwenda kukata majani, ukifika pale migombani alipolala Mama, simama kidogo, unikumbuke.

Mwanao,
Ndeshi