Mguu wa Mama Mkwe

Jumanne, Guildford, Sydney. Mvua ilianza alfajiri na haijakoma. Ni ile mvua ya Februari inayonyesha huku joto limebaki palepale, madirisha yanatoka jasho na nepi za mtoto hazikauki. Bado nimevaa shati la mahojiano. Nimeshindwa hata kulivua.

Nina aibu. Naiandika hapa mwanzoni kabisa, nisije nikaizunguka kama kawaida yangu.

Mnaonisoma mnajua nimeingojea siku ya leo kwa muda mrefu. Niliomba nafasi katika kozi ya uzamili ya wasaidizi wa daktari. Msaidizi huyo ni mtu anayempima mgonjwa, anayemchunguza na kumwandikia dawa, daktari akiwa nyuma yake kumwangalia. Nyumbani Kenya nilikuwa klinikal ofisa, kazi inayokaribia sana hiyo, na kijijini walifupisha wakaniita daktari tu. Hapa vyeti vyangu havikutambuliwa. Nikawa mhudumu katika makao ya wazee, nikasoma shahada nyingine jioni, nikaomba. Hapa Australia kada hii ni changa na nafasi zake ni chache. Nilipoitwa kwenye mahojiano, mke wangu Nekesa alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa nieleze habari za mama yake.

Mama mkwe alikuja kutoka Bungoma kumsaidia Nekesa na mtoto wetu wa kwanza, Nafula. Sisi ni Wabukusu. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Huko nyumbani ni rahisi, vichaka vipo. Sisi tuna fleti ya vyumba viwili, choo kimoja, na koridoni watu wawili hawapishani bila kugusana mabega.

Tukajipangia utaratibu. Nikirudi kazini nakohoa mlangoni, nasubiri nisikie mlango wa chumba chake ukifungwa, ndipo naingia. Yeye akitaka kwenda bafuni anaimba pambio. Nikisikia pambio, nabaki jikoni nikitazama ukuta mpaka liishe. Salamu tunapeana kupitia mlango. "Mama, umeamkaje?" "Nimeamka vyema, Baba Nafula." Niliomba zamu nyingi za jioni ili nisiwe nyumbani sana, yeye apate kukaa sebuleni kwa raha.

Vijana wa kanisani kwetu Blacktown walinicheka. "Bro, hii ni Sydney. Mathe ni mathe tu." Pengine ni kweli. Lakini mama yule alipanda ndege ndefu, hajui Kiingereza, akaja kunilelea mtoto. Heshima ndiyo kitu nilichokuwa nacho cha kumpa.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Jumapili ya wiki iliyopita nilitoka chumbani mapema mno. Pambio lilikuwa limeisha, nikadhani amesharudi kwake. Tukakutana koridoni. Nikageukia ukuta kama inavyotakiwa, nikainamisha macho, naye akapita nyuma yangu. Kwa kuwa nilikuwa nimeinama, nikaona soksi. Soksi nzito za sufu, kwenye joto lililomfanya hata paka wa jirani alale kwenye vigae vya ngazi. Alikuwa anakanyaga kwa kisigino. Halafu ikaja harufu.

Aliyewahi kufanya kazi wodini anaijua. Ni harufu ya kidonda cha mtu mwenye kisukari, kilichofunikwa siku nyingi. Nilijua ana kisukari, dawa zake ziko juu ya friji tangu alipofika. Nilijua hali ya mguu ule kabla hajaufikia mlango wake.

Nikarudi chumbani kujiandaa kwa mahojiano.

Kumwambia Nekesa kulikuwa na ugumu gani? Leo naona hakukuwa na ugumu wowote. Siku ile niliona mlima. Mkwe hazungumzii mwili wa mama mkwe wake. Nilijaribu kimoyomoyo kusema "mguu wa mama yako unanuka", na kila nilivyoipanga sentensi hiyo ilitoka kama tusi. Jumatatu nikamwuliza, "Mama yuko sawa?" Akanijibu, "Yuko sawa. Why?" Nikasema nimeuliza tu. Jumanne nikapanga kumpigia dada yake Nekesa aliye Nakuru ili yeye ndiye aseme, kisha nikaona huko bado ni usiku. Jumatano nilikuwa kazini. Niliwaosha miguu wazee wa watu, kidole kimoja kimoja, nikatazama katikati ya vidole kama kuna mpasuko, nikaandika kwenye mafaili yao kwamba ngozi iko salama. Kazi hiyo naifanya vizuri. Msimamizi huwa ananisifu.

Alhamisi Nekesa aliona doa kwenye shuka la mama yake. Akamvua soksi, na soksi ikaja na ngozi.

Ijumaa wakamkata kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Daktari alimwuliza Nekesa kama hakuna mtu nyumbani aliyegundua mapema. Akajibu hakuna. Aliniambia hayo mwenyewe, tumesimama kwenye maegesho ya hospitali, akilia huku mtoto akimlilia kifuani. "I'm her daughter. Nilikosaje kuona?" Nikamkumbatia. Nikamwambia asijilaumu.

Nikaishia hapo.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu yule anayeyanusa maradhi ya mwenzake akanyamaza. Labda hawakufikiri mtu wa namna hiyo angekuwepo.

Leo asubuhi nilikwenda mjini. Wahojaji walikuwa watatu, wote wema, walinipa maji na kuniuliza kama mvua imenisumbua. Yule wa katikati, mama mwenye nywele nyeupe, akaniomba nieleze siku ambayo mila zilisimama kati ya mgonjwa na matibabu yake, na mimi nilifanya nini.

Nilikuwa na jibu jingine nililolifanyia mazoezi, la ukweli, la kule Bungoma. Sijui kwa nini sikulitoa. Mdomo wangu ulifunguka ukaanza kusimulia habari za mama mmoja mzee wa jamii yetu hapa Sydney, ambaye mimi kwa mila nilikuwa siruhusiwi kumkaribia. Nikasema niligundua kwa harufu. Nikasema siku hiyohiyo nilimweka binti yake pembeni, nikamweleza kwa adabu, wakaenda hospitali, kidonda kikasafishwa. Nilisimulia vizuri. Nilijua mahali pa kutua na mahali pa kushusha sauti. Kile kidole nilikirudisha mguuni kwa Kiingereza safi.

Yule mama aliweka kalamu chini. "That's exactly the kind of person we're looking for," akasema, na wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Sitaficha na hili. Kutoka mjini mpaka Granville, ndani ya treni, nilikuwa na furaha. Furaha ya kweli, ya mtu aliyefanya vizuri. Nilikuwa nimeshaanza kumtungia Nekesa ujumbe. Baada ya hapo niliufuta ujumbe, na nilipofika Guildford nilikaa kwenye benchi la stesheni mpaka shati likalowa, kwa sababu leo ndiyo siku ambayo mama mkwe alikuwa anaruhusiwa kutoka hospitalini na nilijua yuko nyumbani.

Nikakohoa mlangoni. Sikusikia mlango wa ndani ukifungwa. Nikakohoa tena.

"Ingia tu," Nekesa aliita kutoka chumbani. "Mama hawezi kuinuka."

Nikaingia nikiangalia ukuta, nikaenda moja kwa moja jikoni. Kwa pembe ya jicho niliona, pale sebuleni, mguu wake umewekwa juu ya stuli na mto chini yake. Nekesa akaongea tena, kwa ile sauti ya mama anayenyonyesha ambaye hataki mtoto aamke. "Babe, bandeji imelowa. Nesi anakuja kesho. Nimekwama huku, please."

Nikasimama jikoni. Nikafungua bomba, nikalifunga. Nilikuwa nafanya lilelile nililolifanya ile Jumapili, safari hii nikiwa na shati la mahojiano.

"Baba Nafula," mama mkwe akaita.

"Mama."

"Njoo uangalie huu mguu."

"Mama, tumngoje Nekesa amalize."

"Nekesa ana mtoto. Njoo. Nimeshajifunika."

Nikatoka. Alikuwa ameivuta leso yake, ile ya maua mekundu anayombebea Nafula, akajifunika kichwa, uso na mabega mpaka magotini. Mikono ameificha ndani. Kilichobaki nje ni mguu tu. Hanioni, simwoni. Mila haijavunjika, na mguu uko mbele yangu.

Njia ilikuwepo muda wote huo, na ilihitaji leso moja tu. Mwanamke asiyejua hata jina la mtaa tunaoishi aliipata mara moja.

Nikanawa, nikavaa glavu, nikapiga magoti. Nikafungua bandeji polepole. Mishono ilikuwa safi, hakuna usaha, majimaji maangavu tu kama inavyotarajiwa. Nikamweleza hivyo. Nikausafisha mguu. Ni mguu wa mtu aliyelima miaka mingi, kisigino kigumu, kucha nene, na pale pembeni pengo jipya. Hauna tofauti na miguu ninayoiosha kila siku ninapokuwa kazini.

Ndipo akasema, chini ya leso, kwa utulivu kabisa: "Siku ile koridoni nilikuona umesimama."

Nikachukua bandeji mpya.

"Nilikuwa nataka kumwambia Nekesa," akaendelea, "lakini hajalala tangu huyu mtoto azaliwe. Nikasema, Baba Nafula ni daktari. Hii harufu ameisikia. Kama ni mbaya atasema. Nikangoja. Nilipoona umenyamaza, nikajua basi ni kitu kidogo."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananieleza kwa nini yeye hakusema, kama mtu anayeomba radhi kwa usumbufu. Mimi nilidhani ukimya wangu ulikuwa wangu peke yangu. Kumbe alikuwa ameupokea kama jibu la daktari, akaivaa tena soksi yake kila asubuhi akiwa na amani.

Nikamwambia, "Mama, nilijua. Tangu siku hiyo nilijua ni mbaya. Niliogopa."

Leso ilipanda na kushuka na pumzi yake. Mvua ilikuwa inagonga dirisha. Sikuwahi kuwa karibu naye namna ile, na sikuwahi kutamani kuwa mbali kiasi kile.

"Mimi pia niliogopa," akasema mwishowe. "Lakini wewe ndiye daktari."

Kisha akasema nifunge vizuri, isilegee.

Nikafunga vizuri.

Nilipomaliza nilikwenda chumbani nikamwambia Nekesa. Nilimwambia yote, ya Jumapili na ya leo. Alimhamishia mtoto titi la pili kabla hajanijibu.

"So ulijua Sunday."

"Nilijua."

"Na ukaniacha nilie pale parking."

Nikamwambia nitawaandikia watu wa chuo, niwaambie ukweli. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Utakosa hiyo nafasi."

"Najua."

"Waandikie," akasema, akageukia ukutani na mtoto wake.

Nimewaandikia. Nimesema mgonjwa yule ni mama mkwe wangu, kwamba sikusema kitu mpaka mtu mwingine alipoona, na kwamba kidole hakipo. Nimetuma kabla sijaanza kuandika hapa. Najijua. Ningeandika hapa kwanza, ningejisikia mwepesi, na barua ile ingekaa kwenye rasimu mpaka Pasaka.

Woga wangu niliupa jina la heshima, na jina hilo lilinikaa vizuri kama shati hili. Wazee wa kanisani walinisifu kwa sababu yake. Hata vijana waliponicheka, ndani nilijiona mtu mwenye mila. Mila haikunizuia kusema. Mila ilinipa mahali pa kujificha, nikajificha.

Sijui chuo kitajibu nini. Nikikataliwa sitakuwa na la kulalamika, ingawa nitaumia, kwa sababu kazi hiyo bado naitaka kuliko kitu kingine nilichowahi kukitaka hapa. Nekesa bado hajaniongelesha. Ana haki. Nimempelekea chai akaipokea, basi.

Nikiwa nimefika hapa katika kuandika, mama mkwe amegonga ukuta wa chumba chake.

"Baba Nafula. Kesho utauangalia saa ngapi?"

Nimemkumbusha kwamba nesi anakuja kesho. Amesema anajua nesi anakuja, anauliza kuhusu mimi.

Nimemjibu saa mbili asubuhi, mama, kabla sijaenda kazini. Akasema sawa, atajifunika.

Maneno machache kupitia ukutani, basi. Hata Jumapili ile yangetosha.