Daktari Hajafungua

Mpepai,
12 Januari 2025

Mdogo wangu Alphonce,

Unisamehe kwa ukimya huu mrefu. Tangu msiba wa dada yetu sikukuandikia hata mstari, na simu zako sikuzipokea kwa kuwa masikio yangu hayashiki tena sauti ya simu. Hujambo? Kikohozi chako cha wakati wa mvua kimetulia? Sisi tu wazima, isipokuwa miguu yangu imevimba, na daktari kijana wa Mbinga anasema moyo umechoka.

Nina ombi. Kabla sijafa nataka tule sengu, ukoo mzima kwenye sinia moja uani kwa Baba, kama tulivyokula utotoni. Mara kwa mara naliota sinia lile. Katika ndoto ukungu umeshuka mpaka kwenye mibuni. Siwaoni watu, naona mikono tu, na kila mkono naujua ni wa nani.

Nimewaambia ndugu, wamekataa. Shemeji yako Hildegardi alinijibu akiwa ameshika mwiko: "Daktari alifunga. Daktari hajafungua." Wote wakaafiki. Daktari wanayemsema ni wewe, bwana afya wetu. Unakumbuka mwaka wa kipindupindu, ulivyosimama uani na filimbi yako, ukaamuru kila nyumba ile chakula cha chungu chake. Kwetu hakufa mtu, wakati ng'ambo ya bonde walikuwa wanazika kila siku. Ndiyo maana hawathubutu mpaka leo.

Fungua, basi.

Kaka yako,
Bartholomayo


Lundo,
2 Februari 2025

Kaka, Shikamoo.

Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Pole kwa miguu. Punguza chumvi, inua mito unapolala, na dawa usiache hata ukijisikia nafuu.

Barua yako niliisomea mlangoni. Wadudu wadogo wa ziwa walikuwa wameinuka kama moshi unaotembea juu ya maji, na kwa muda sikujua kama nilikuwa macho. Kaka, agizo lile lilikuwa la msimu mmoja tu. Maradhi yalipoisha huko yalikuwa yameshuka huku ziwani, nami nikapita Kingerikiti kwa miguu kuyafuata, nikabaki. Maisha yangu yameishia katika kuchimbisha vyoo, kuchemshisha maji na kugombana na watu juu ya visima. Kila nilipokuja Mpepai mlinitengea sahani yangu peke yangu, chumbani. Nilidhani mmenitenga kwa sababu ya filimbi ile. Sikuuliza. Nilikula, nikaaga.

Kumbe mlikuwa mnanitii.

Nafungua. Nitafika Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, nikiwa na usipa, dagaa wa ziwa letu, waliokauka vizuri. Mwambie Shemeji asiogope. Filimbi imeshika kutu, hailii tena.

Mdogo wako,
Alphonce


Lundo,
25 Februari 2025

Kaka, Shikamoo.

Natumaini uvimbe umepungua.

Sitakuja. Baada ya mvua kubwa maradhi ya kuhara yameingia katika vijiji vya ufukweni, na vijana wa afya wamekubali nikae nao kuwafundisha watu kuchanganya maji, chumvi na sukari. Muuguzi wetu aliniambia, "Mzee, rudi nyumbani ukapumzike." Nikamwambia nyumbani ndiko huku. Akanipa glavu.

Mkono unaowashika wagonjwa hawa hauwezi kuingia katika sinia lenu. Lakini huko juu hakuna ugonjwa, na agizo nimeliondoa. Oseni mikono kwa sabuni na kwa maji yanayomiminwa, kisha mle bila mimi. Usinisubiri, Kaka. Naijua miguu inayovimba namna hiyo.

Mdogo wako,
Alphonce


Mpepai,
16 Machi 2025

Mdogo wangu Alphonce,

Ndugu wote wanakusalimu na wanauliza kama unapata usingizi. Mimi sijambo kwa kadiri yangu. Viatu havinienei tena.

Jumamosi ile tulikutana. Niliwasomea barua yako kwa sauti. Maji yakamiminwa, sabuni ikapita, ugali na maharage vikawekwa katikati. Tukakaa kulizunguka sinia. Mvuke ukapanda, nyuso za upande wa pili zikafifia, na hakuna mkono ulioingia. Nilitaka kuanza mimi, nikaona kwamba karibu nami pamebaki nafasi ya mtu mmoja, wala hakuna aliyeambiwa aiache.

Mwanangu Placidi akasema, "Baba mdogo alifunga akiwa amesimama hapa. Na afungue akiwa hapa." Hildegardi akaongeza kwamba, kama sengu inafunguliwa kwa barua, angekuwa ameshatupikia kwa barua. Tulicheka mpaka chakula kikapoa, kisha kila nyumba ikabeba fungu lake.

Sasa wamegawanyika. Wapo wanaotaka tukusubiri mpaka maradhi yaishe huko. Wapo walionitazama miguu, halafu wakatazama chini, wakasema tule siku ya Pasaka, uwepo usiwepo. Nimewaambia naweza kusubiri. Wamenijibu kwamba katika shauri hili sina kauli, kwa kuwa kinachopimwa ni uhai wangu.

Watakaa tena Jumapili ijayo baada ya misa. Wewe usiwaache wagonjwa wako kwa ajili yangu. Watakapoamua nitakuandikia, mimi mwenyewe, kwa mkono huu.

Kaka yako,
Bartholomayo