Baliniandika Sentineli

Siku ya mardi, mangaribi.

Bapumbafu! Bantu ba komini, ofisi ya mutaa, balikuya kuhesabia bantu benye kulala inje, na balikuya muchana, jua kali. Nani analala saa ile? Mi, kila asubui nakunja makartoni yangu ya kulalia pa baraza ya fundi wa nguo, nafagia, navaa kravati. Mutaa wetu wa Kamalondo muzima hakuna muzee ananishinda kuvaa.

Ule mwenye karatasi akaniuliza: «Papa, benye kulala inje beko wapi?»

«Ni miye.»

Akacheka. «Na kravati hii? Weye ni sentineli, unalinda duka!» Akaandika vile.

Benye kuandikwa ni ba kulala inje, batalala mu sale, chumba kikubwa cha komini, mpaka majira ya mvua iishe.

Fundi ananiambia: «Muzee, toa kravati, ubafuate bakuandike tena.» Nitoe? Juu ya mujinga mwenye haone muntu mbele yake? Hapana.

Lakini mvua imeanza, na makartoni inalowana.