Intaneti Iliyokuja kwa Treni

Kaka yangu mpendwa,

Zamani barua zangu zote zilianza kwa kukuuliza hali, halafu nikajaza nusu ukurasa kwa salamu za watu ambao hata hukuwakumbuka vizuri. Tangu tukulaze kaburini kule nyumbani Mpimbwe, hali yako haiulizwi tena, kwa hiyo leo naenda moja kwa moja. Nimekukumbuka. Wiki hii nimekukumbuka kuliko siku zote.

Unaikumbuka ile miaka ya mwisho ya tisini, nilipopewa darasa la chekechea hapa mtaa wa Majengo, huku mwisho wa reli, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa? Nilikuwa na watoto wengi, chaki chache, na ramani moja ya Afrika ambayo mchwa walikuwa wameanza kuila upande wa magharibi. Wewe ulikuwa karani wa bohari Dar es Salaam. Siku moja ukaniandikia kwamba mjini kumefunguliwa duka lenye mashine za ajabu: unaandika jina la nchi yoyote, unasubiri, na picha zake zinatokea kwenye kioo. Ukaapa kwa jina la mama. Mimi nilidhani umeanza kunywa.

Nikakujaribu. Kama ni kweli, nikasema, niletee yule ndege wa Afrika Kusini asiyeruka, niliyemsikia redioni. Baada ya wiki kadhaa treni ikaingia na bahasha ya kaki, ameibeba jirani yetu aliyekuwa mhudumu wa mabehewa. Ndani alikuwemo ngwini, karatasi nzima, mweusi na mweupe. Watoto wakamkodolea macho. Kisha Masanja, mtoto wa wale wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani, akasema, "Mwalimu, huyu kavaa kama sista." Darasa zima likavunjika mbavu. Nami nilicheka, ingawa sista mkuu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Watoto wanauliza, mimi naandika, wewe unapanga foleni Jumamosi kwenye duka lile, treni inaleta. Tulipata ngamia wa Sudan, sokwe wa Uganda, na choroa wa Namibia mwenye pembe kama mikuki. Kwa kuwa karatasi zako hazikuwa na rangi, tulizipaka wenyewe: majani ya kufikicha kwa nyasi, udongo mwekundu kwa ardhi, mkaa kwa mistari iliyofifia. Twiga wetu alikuwa na mguu mmoja wa kijani na hakuna aliyelalamika. Ulipotutumia kiboko ndipo walipokushusha cheo. "Huyu tunamjua," wakasema wale wenye babu zao Kakese, "anakula mpunga wetu. Mwambie atume wa mbali."

Wa kuambiwa alikuwa Intaneti. Sijui ilianzia wapi, lakini darasa zima liliamini Intaneti ni mtu, mzee fulani wa Dar anayezijua nchi zote, na wewe ni kijana wake wa kutumwa. Waliniuliza kama ana mke. Waliniuliza anakula nini. Nilijaribu kuwaeleza habari za mashine, wakanionea huruma. Mwishowe wakaanza kumletea zawadi: karanga, viazi vitamu, hata samaki mkavu wa mgebuka kutoka Karema, kule ziwani, aliyenukisha behewa zima. Ulikula kila kitu. Ukanijibu, "Waambie mzee kazipenda karanga, ila nyie mnabania chumvi." Ulikuwa mlafi, kaka, tangu utoto.

Kisha likaja swali la Spesioza. Alikuwa na miaka sita, mama yake akiuza mboga sokoni. Walikuwa familia ya Warundi waliotoka kwenye makazi ya wakimbizi kule Katumba. Tulikuwa na mchezo wetu: kila mtoto anachukua nchi, anaruka katikati ya duara na kutaja mnyama wake. "Mimi Kenya, nina twiga!" "Mimi Botswana, nina tembo!" Siku hiyo wenzake wakamwambia yeye ni Burundi. Akaingia katikati ya duara, akasimama. Hakuwa na mnyama. Hakuwa na kitu chochote cha kusema kuhusu nchi ile, hata cha uongo. Akarudi kukaa, na kwa siku nyingi hakutaka kucheza tena.

Asubuhi moja akanivuta kanga. "Mwalimu, mwambie Intaneti anitumie picha ya kwetu. Mama nikimuuliza ananyamaza."

Nikakuandikia siku ileile. Nilisema maombi mengine yote yangoje, kwa sababu hili ni la mtoto anayetaka kujua kama na yeye ana kwao.

Treni ikaja bila bahasha. Ikaja tena, hakuna kitu. Spesioza alikuwa akinisubiri mlangoni, ananitazama mikono, kisha anaingia kukaa. Nilikukasirikia. Bahasha ilipofika hatimaye ilikuwa nyepesi, karatasi moja tu: vilima, migomba, na ng'ombe wa pembe ndefu wakishuka kwenda kunywa maji. Nikakutania kwamba mji umekufanya mvivu. Ukajibu kwa mstari mmoja: "Hiyo moja inamtosha, mdogo wangu."

Na kweli ilimtosha. Nilimwita mama yake, akaja na beseni la mchicha kichwani, akalitua, akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Alikuwa mtoto mdogo sana alipokimbia kule. Akaufuata mstari wa kilima kwa kidole.

"Hapa si kwetu, Mwalimu," akasema. "Kwetu kilima kilikuwa na kanisa juu. Lakini migomba ni hii hii. Na ng'ombe wa babu walikuwa na pembe hizi hizi."

Akaketi palepale kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kifuani, akaanza kumsimulia bintiye. Kirundi kikachanganyika na Kiswahili, na watoto wote wakasogea. Masanja akataka kujua ng'ombe mwenye pembe vile anapitaje mlango wa zizi. Mama Spesioza akacheka mpaka akajifuta machozi, na sijui yapi yalikuwa ya kicheko. Kesho yake Spesioza akaruka katikati ya duara: "Mimi Burundi! Nina ng'ombe!" Mama yake akaleta mfuko wa maharage ya Intaneti, akakataa katakata kurudi nao. Amani ilipokuja walirudi kwao, na karatasi ile wakaondoka nayo.

Mimi bado niko na wadogo, ingawa magoti yananigomea. Sasa Intaneti anakaa mfukoni mwangu na hakuna anayeuliza kama ana mke. Naandika jina la mnyama, na kabla sijamaliza picha zimeshajaa, za rangi zote. Tembo anatembea na kupiga kelele kabisa. Ni kitu kizuri, na sitaki kuwa bibi wa kulaani kila kipya.

Jumanne tulikuwa tunajifunza Kongo. Tuna mtoto anaitwa Furaha. Wazazi wake walivuka ziwa wakashukia Karema kabla hajazaliwa. Nikampa simu aishike yeye, iwe heshima yake, nikaandika jina la mji wa wazazi wake. Nilitaka aone msitu, aone sokwe. Zilizotangulia hazikuwa picha za msitu, zilikuwa za vita, nami nilichelewa kuichukua simu. Akainua uso, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, hawa wamelala?"

Nikasema ndiyo. Nikawatoa nje wakacheze, nikakaa ukumbini peke yangu, na hapo ndipo nilipokuona mawazoni. Uko kwenye duka lile, foleni nyuma yako inanung'unika, umeandika Burundi kama nilivyokuagiza, na ilikuwa miaka ile ya vita. Picha za wakati huo zilishuka kwenye kioo polepole, kipande kwa kipande, hujui kinachokuja mpaka kimeshafika. Ukazitazama. Jumamosi iliyofuata ukarudi ukatazama nyingine, ukitafuta moja tu ambayo mtoto wa miaka sita angeweza kuishika. Kisha ukala maharage yao, ukaendelea na utani wako, na hukuniambia kitu. Hata ulipougua, tukakaa tunazungumza kila jambo la maisha yetu, hili hukulitaja.

Jana nimemtafutia Furaha picha mwenyewe, kabla ya kipindi. Imenichukua muda mrefu, na nimeona vitu ambavyo sitamwambia mtu. Nimepata sokwe aliyembeba mwanawe mgongoni, nikampeleka stesheneri wakamchapa kwenye karatasi. Leo asubuhi Furaha amekimbia naye uwanja mzima akiwaonyesha wenzake.

Kaka, kwa picha uliyotutumia nilikushukuru. Kwa zile ulizobaki nazo peke yako sikuwahi kukushukuru, kwa sababu sikujua. Asante.

Mdogo wako.